Kwa Nini Magari Matano Tu kwa Simba Maasai Mara

Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, magari ya watalii huwa mengi mno katika Hifadhi ya Kitaifa ya Maasai Mara. Dereva mmoja akiona simba huwaarifu wenzake kwa redio, na muda si mrefu mnyama amezingirwa pande zote. Kanuni za hifadhi zinalenga kuzuia hali hiyo.

Magari yanayotazama mnyama hayafai kuzidi matano. Kukiwa na wengine wanaosubiri, kila gari hukaa dakika 10 kisha huwapisha. Dereva anatakiwa kubaki umbali wa mita 25 au zaidi na kutotoka barabarani.

Huenda mkazi akauliza simba anasumbuliwa vipi na gari ilhali amelala tu kivulini. Ni kweli, simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku. Lakini anapowinda, hasa usiku na alfajiri, hawezi kukimbiza mnyama mbali. Humnyatia hadi amkaribie ndipo aruke. Gari likikatiza mbele yake wakati huo, pundamilia hushtuka na kutimka, na simba hubaki na njaa. Simba jike aliyezaa naye huficha watoto vichakani kwa wiki kadhaa kabla ya kuwapeleka kwa kundi. Akisumbuliwa hapo, anaweza kulazimika kuwahamisha, akiwabeba mmoja mmoja kwa mdomo.

Duma huumia zaidi kwa sababu huwinda mchana, saa zile zile za watalii. Utafiti uliofanywa Mara na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika sehemu zenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao. Penye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Hasara hiyo si ya mgeni peke yake: ada za kuingia Mara ndizo chanzo kikuu cha mapato ya ndani ya Kaunti ya Narok.

Mkazi anayetaka kuona simba vizuri aingie mapema, lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Azime injini na kutazama wanyama wengine. Swala wakisimama wote wakikodolea upande mmoja, kuna jambo huko. Kusubiri hivyo nusu saa huleta mengi kuliko kukimbilia kila tangazo la redio.

Anayeshuhudia kanuni zikivunjwa aandike nambari ya gari, mahali na saa, kisha aarifu askari wa hifadhi au maafisa walio langoni. Abiria naye ana nafasi yake. Baadhi ya madereva husogea karibu kupita kiasi kwa kuhofia kukosa bakshishi, na neno moja tu kutoka kiti cha nyuma, kwamba hapa panatosha, humwondolea dereva hofu hiyo.