Udongo mweusi unaokaa juu ya miinuko

Udongo uitwao Houston Black ni mfinyanzi mzito, mweusi, wenye chokaa, unaotanda juu ya miinuko ya taratibu ya katikati ya Texas, Marekani, kuanzia kaskazini ya Dallas hadi upande wa San Antonio. Umefunika takriban hekta 600,000 za ukanda wa Blackland Prairie. Wapima udongo wa Marekani waliuandikisha kwa jina hilo mwaka 1902, na leo hutajwa duniani kote kama mfano halisi wa vertisoli, yaani udongo unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Jina lisimpoteze mtu: jiji la Houston liko karibu na pwani, nje ya ukanda huo.

Mkulima wa Shinyanga akiletewa picha ya shamba la huko atautambua mara moja weusi ule na nyufa zile, kwani ni mambo ya mbugani. Kitakachomtatiza ni mahali. Usukumani udongo mweusi hukaa chini, maji yanakotuama, na juu kwenye vilima vya granaiti kuna kichanga na udongo mwekundu. Mpangilio huo wa kutoka kilele hadi bonde ndio alioueleza Geoffrey Milne, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Amani, Usambara, katikati ya miaka ya 1930, akaupa jina la katena. Mvua huyeyusha silika, kalsiamu na magnesiamu kwenye mteremko na kuvishusha bondeni, na huko hujiunga upya kuwa mfinyanzi mweusi, mara nyingi wenye vijiwe vya chokaa.

Texas mambo ni mengine. Mfinyanzi na chokaa havikuletwa na maji ya mteremko. Vilikuwemo ndani ya mwamba wenyewe. Katika kipindi cha Kretasia, kilichoisha yapata miaka milioni 66 iliyopita, sehemu kubwa ya Texas ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi. Tope lilitua polepole pamoja na mabaki ya viumbe vidogo vyenye magamba ya chokaa, likashindiliwa kuwa mwamba laini, nusu tope nusu chokaa. Bahari ilipojitoa, mwamba huo ulibaki nchi kavu, ukachakazwa na mvua na mizizi, na udongo ukaumbika papo hapo juu yake. Ndiyo maana mgongo wa mwinuko una mfinyanzi sawa na ubavu wake. Mteremko kwa kawaida ni wa asilimia 1 hadi 3, mara chache hufika 8. Panapoinama zaidi mmomonyoko huuzidi nguvu uundaji wa udongo, na hapo jirani zake, Heiden na Ferris, hushika nafasi wakiwa na rangi iliyopauka zaidi. Penye chaki kuna udongo wa Austin, ambao kina chake ni kidogo.

Kwa kawaida nusu ya uzito wa Houston Black, au zaidi, ni chembe za mfinyanzi zilizo ndogo kuliko milimita 0.002. Wingi huo pekee hauelezi tabia yake. Udongo mwekundu wa Kiambu nao una mfinyanzi mwingi, lakini haupasuki kiasi cha kumtisha mtu, kwa kuwa madini yake ni ya jamii ya kaolini, yasiyofungua njia kwa maji kuingia ndani. Mfinyanzi wa Texas ni wa smektaiti. Kila chembe ni rundo la vibapa vyembamba mno, na maji hupenya kati ya kibapa na kibapa yakivisukuma viachane. Yakitoka, vibapa hukaribiana tena. Vibapa visivyo na idadi vikifanya hivyo kwa pamoja, ardhi nzima hunyanyuka wakati wa mvua na kushuka wakati wa ukame.

Julai na Agosti, jua linapokaza, uso wa shamba hukatika vipande vipande, na kati yao huachama nyufa za kuingia mkono, zinazoshuka mita moja na kuendelea. Sentimita chache za juu kabisa hazibaki mabonge. Humeguka zenyewe kuwa chembe ngumu za ukubwa wa punje ya mtama, nazo huporomokea ndani ya nyufa. Mvua zikirudi, udongo wa chini huvimba na kukuta nafasi yake imeshajazwa na ule ulioanguka kutoka juu. Hauna pa kwenda ila pembeni na juu. Mabonge husukumana, huteleza kimshazari moja juu ya jingine, na nyuso zao husuguana mpaka zikang'aa na kupata mikwaruzo. Anayechimba shimo la mita mbili huzikuta nyuso hizo ubavuni, zimeinama, laini kwa kidole. Mpima udongo huzitafuta hizo kabla ya kuandika neno vertisoli kwenye daftari lake.

Msukumo huo ukiendelea kwa maelfu ya miaka, uso nao haubaki sawa. Ardhi ambayo haijawahi kuguswa na plau ina vinundu na vidimbwi vinavyopishana kila baada ya mita chache, tofauti ya kimo kati yao ikiwa sentimita kumi, ishirini, pengine hamsini. Wanasayansi huiita hali hiyo gilgai, jina lililoazimwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa Australia. Chini ya kinundu, udongo uliopauka wenye chokaa nyingi hupanda hadi karibu na uso. Chini ya kidimbwi weusi huzama sana na chokaa ya juu huwa imeoshwa. Plau husawazisha uso, lakini haifiki kilicho chini, kwa hiyo shamba lililolimwa vizazi kadhaa bado huonyesha madoa yaliyopauka katikati ya weusi. Sampuli moja kutoka shamba la namna hiyo haimwambii mkulima mengi, kwani hatua chache pembeni majibu ya maabara yanaweza kuwa mengine kabisa.

Kuijua chokaa hakuhitaji maabara. Tone la asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa likidondoshwa juu ya bonge, povu hutoka papo hapo, kwa sababu kalsiamu kaboneti inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Kwa akiba hiyo ya chokaa udongo hauwi na tindikali. Kipimo cha pH huwa karibu na 8. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kalsiamu hushikanisha chembe za mfinyanzi kuwa punje, na hewa hupita kati yao. Smektaiti ileile ingejaa sodiamu, ingesambaratika ikilowa na kuziba kila kitundu, na huenda pasingelimwa kitu.

Hasara nazo zipo. Fosforasi hufungwa na kalsiamu, na zinki huwa adimu kwa mizizi. Mtama hutoa majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, dalili ya njaa ya chuma, ilhali umesimama juu ya udongo wenye chuma tele kisichoyeyuka. Kumwaga chumvi ya chuma ardhini husaidia kidogo sana, maana nayo hufungwa vilevile, hivyo dawa hunyunyizwa kwenye majani. Pamba nayo ina adui wake, kuvu wa Phymatotrichopsis omnivora anayeozesha mizizi. Hustawi katika mfinyanzi wenye chokaa na amewasumbua wakulima wa Texas tangu karne ya 19.

Weusi unadanganya kidogo. Mwenye kuutazama udongo huu hudhani umejaa mboji, kumbe mabaki ya viumbe ni asilimia chache tu. Yameshikana na smektaiti kwa namna inayoufanya udongo uonekane mweusi kuliko utajiri wake halisi.

Maji huingia humo kwa tabia mbili zinazopingana. Mvua ya kwanza baada ya ukame humezwa na nyufa na kufika chini kabisa kwa muda mfupi. Nyufa zikishajifunga, kasi ya kupenya hushuka karibu na sifuri, na mvua inayofuata hutiririka juu ikibeba udongo. Katika kituo cha serikali cha Riesel, karibu na Waco, mtiririko na mmomonyoko wa aina hiyo umepimwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Hata maji yaliyoingia si yote ni ya mmea. Sehemu kubwa hung'ang'aniwa na mfinyanzi kwa nguvu inayozidi ile ya mizizi, na mahindi yanaweza kunyauka juu ya udongo ambao bado una unyevu.

Zamani palikuwa na nyasi ndefu tu, na mizizi yake mirefu ilifuata nyufa. Reli zilipofika katika miaka ya 1870, pamba ilitwaa ukanda huo, na leo imebaki chini ya asilimia moja ya nyasi za asili. Sasa hulimwa pia mtama, mahindi na ngano. Ugumu wa kulima uko kwenye muda. Udongo ukiwa mbichi mno hunata kwenye plau na kwenye magurudumu ya trekta; ukikauka mno hutoa mabonge yasiyovunjika. Siku zinazofaa kati ya hali hizo mbili ni chache.

Wajenzi wana malalamiko yao. Sehemu ya Dallas, Waco, Temple na Austin imesimama juu ya ukanda huu au kandokando yake, na nyumba zenye msingi mwepesi hupata nyufa za kutani, milango isiyofungika na sakafu iliyobinuka. Si ajabu kumwona mwenye nyumba wa Dallas akimwagilia msingi wake wakati wa ukame kwa mpira wa maji wenye vitundu, ili udongo wa pembeni usisinyae kuliko ule ulio chini ya sakafu. Barabarani dawa inayotumika sana, tangu miaka ya 1940, ni chokaa. Inashangaza, kwa kuwa udongo tayari umejaa chokaa. Ile ya asili ni kaboneti tulivu isiyoyeyuka kwa urahisi. Inayochanganywa na mafundi imechomwa tanuruni, hupandisha pH kupita 12 na kuubadilisha mfinyanzi kuwa kitu kisichovimba tena kwa kiasi kile.

Kitengela na Syokimau, pembezoni mwa Nairobi, fundi hukutana na udongo wa jamii hiyohiyo, na mara nyingi huuchimba wote hadi kwenye mwamba, akajaza mawe na kifusi kabla ya kumwaga zege. Kwenye miinuko ya Texas njia hiyo haimfikishi mtu mbali. Chini ya mfinyanzi kuna mwamba laini ambao nao ni mfinyanzi, kwa mita nyingi, kwa hiyo nguzo hushushwa mpaka chini ya kina ambacho unyevu hubadilika kwa msimu, au sakafu nzima husukwa nyaya za chuma zilizokazwa, ipande na kushuka pamoja na ardhi bila kukatika.