Pacha wa Yai Moja, Hulka Mbili

Mama afikaye kliniki mjini Nakuru, au Njoro, au Molo, na pacha wafananao kama shilingi kwa ya pili, huwatia mmoja baada ya mwingine katika mizani ya kuning'inia, na aghalabu hustaajabu aonapo kwamba mmoja amemzidi mwenziwe kwa nusu kilo, na kwamba nukta za muuguzi katika Kijitabu cha Mama na Mtoto zimekaa mahali mbalimbali.

Sababu huanzia tumboni. Pacha hawa hutokana na yai moja lililogawanyika, jambo litukialo takriban mara 4 katika kila uzazi 1,000 ulimwenguni. Na wengi wao hushiriki kondo moja la nyuma, ambalo si lazima liwagawie damu na chakula kwa insafu. Aliyepata sehemu kubwa huzaliwa mzito. Mwenziwe huja mwembamba, na mara nyingi humkaribia baadaye kwa fadhila ya maziwa ya mama.

Hulka nayo hutofautiana mapema: huyu hulala kwa utulivu, yule hulia kila avuliwapo nguo; kwani urithi ni mmoja, lakini kila mtoto ana nafasi yake tumboni, maradhi yake, na namna yake ya kupokewa na watu.

Basi wazazi, nawasihi: msimpime mmoja kwa kipimo cha nduguye, bali kila mmoja kwa mstari wake mwenyewe, ule uunganishao nukta zake kijitabuni. Ukipanda, mshukuruni Mungu. Ukisimama au kushuka, mpelekeni kwa daktari bila kuchelewa. Wala yule mpole asisahauliwe kunyonyeshwa kwa sababu tu hakulia.