Shujaa Bila Bunduki: John Simpson na Punda Wake

Mpenzi msomaji, ukiulizwa shujaa wa vita ni nani, bila shaka utamtaja aliyeteka ngome au aliyeua maadui wengi. Lakini nchini Australia, mmoja wa wanajeshi wanaokumbukwa sana hakuwa mpiganaji. Kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi, na msaidizi wake alikuwa punda.

Jina lake kamili lilikuwa John Simpson Kirkpatrick. Kumbe hata hakuzaliwa Australia! Alizaliwa tarehe 6 Julai 1892 mjini South Shields, Uingereza. Alipokuwa mtoto, wakati wa likizo alifanya kibarua cha kuwaendesha watu juu ya punda ufuoni. Baadaye akawa baharia, na mwaka wa 1910 akatoroka meli huko Australia. Alifanya kazi za jasho: kukata miwa, kuchimba makaa ya mawe na kuchochea moto melini. Pesa hakuzila peke yake. Alimtumia mama yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka wa 1914, alijiandikisha jeshini karibu na Perth kwa jina la John Simpson tu. Akapangwa katika kikosi cha kuwahudumia majeruhi.

Tarehe 25 Aprili 1915, majeshi ya Australia na New Zealand yalitua Gallipoli, Uturuki. Mambo yakawa magumu. Waturuki walishika vilima, nao wageni wakabanwa chini karibu na bahari. Majeruhi walipaswa kuteremshwa kwa machela katika bonde jembamba lililomiminiwa risasi. Machela moja huhitaji watu wawili au zaidi. Simpson alipompata punda, akaona mbinu: aliyejeruhiwa mguu anaweza kuketi juu ya punda, basi kiongozi mmoja anatosha! Akawa anapanda na kushuka bonde lile kila siku, na wakubwa wake wakamwachia afanye kazi hiyo peke yake.

Tarehe 19 Mei 1915, siku ambayo Waturuki walishambulia kwa maelfu, Simpson alipigwa risasi ya bunduki ya rashasha akafa. Alikuwa na umri wa miaka 22, na alizikwa huko huko karibu na bahari. Ukihesabu, kazi yake vitani ilidumu siku 24 tu.

Baada ya kifo chake, wasimulizi walitia chumvi. Wengine walidai aliokoa watu 300, idadi ambayo wanahistoria wanaitilia shaka. Wengi walidai apewe nishani ya Victoria Cross, lakini uchunguzi uliomalizika mwaka wa 2013 uliamua asipewe. Sababu? Ushujaa wake ulikuwa sawa na wa wabeba machela wenzake.

Je, hilo linampunguzia heshima? La hasha! Linatufundisha kwamba nyuma ya sanamu yake na punda iliyowekwa Canberra mwaka wa 1988, wako wengi waliopita bonde lile lile na hawana sanamu.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Simpson na punda wake hawakumpiga mtu teke wala risasi. Kwa hivyo wenzangu, tunaposimulia habari za mashujaa, tusiongeze chumvi. Siku 24 za kweli zinatosha.