Mabalungi Mawili ya Mtaa wa Henry

Mwaka 1959 Waafrika wengi wa Afrika Kusini waliacha kula viazi. Viazi havikuwa vimeoza, wala bei haikuwa imepanda. Vilijaa tele sokoni, na chipsi za moto ziliuzwa vibandani kama siku zote. Kwa kibarua wa Johannesburg, chipsi ni chakula cha mchana cha kutegemewa: bei nafuu, zinashibisha, na unaweza kuzila umesimama. Hata hivyo watu walipita mbele ya kibanda, harufu ya mafuta ikiwafuata, wakaenda zao.

Ngojeni niwaeleze sababu, vijana wangu, maana msipoijua hamtaelewa yatakayofuata.

Mashariki mwa Johannesburg kuna mji wa Bethal, na kuuzunguka kuna mashamba makubwa ya viazi. Enzi zile za makaburu, Mwafrika aliyekuwa mjini alilazimika kutembea na pasi mfukoni. Akikamatwa hana, au ina kasoro, huambiwa achague: ashtakiwe, au akafanye kazi shambani. Wengi walipelekwa bila kuelewa walichokubali. Wakifika, walivuliwa nguo zao na kuvishwa magunia yaliyotobolewa sehemu ya kichwa na mikono. Viazi walivifukua kwa vidole. Usiku walifungiwa kwa nje, na mchana msimamizi alitembea nyuma yao na kiboko. Henry Nxumalo wa jarida la Drum aliyaandika hayo mwaka 1952. Mwandishi mwingine, Ruth First, aliyachunguza pia, naye Gert Sibande akazunguka akiwaunganisha wafanyakazi wa mashamba. Serikali haikujali. Ndipo chama cha ANC kikawaambia watu: viazi hivi tusile. Mgomo ule ulidumu miezi kama mitatu, magunia yakalundikana sokoni.

Mla chipsi wa Johannesburg hakuwa amempiga mtu yeyote kiboko. Lakini sarafu yake ilikuwa na safari ndefu: ilitoka mkononi mwake ikaenda kwa mwenye kibanda, kwa mfanyabiashara wa jumla, kwa mwenye shamba, na sehemu yake ikaingia serikalini kama kodi, ikawalipa askari waliokagua pasi barabarani. Kumbe alikuwa akimlipa mshahara mtu anayemkamata! Ukishaliona jambo hilo, chakula hakipiti kooni.

Habari za migomo ya namna hiyo zilivuka bahari. Tarehe 26 Juni 1959 ulifanyika mkutano katika ukumbi wa Holborn Hall mjini London. Miongoni mwa waliosimama kuzungumza alikuwa Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU, Tanganyika bado haijapata uhuru. Alikuwapo pia Trevor Huddleston, padri wa Kianglikana aliyeishi na watu wa Sophiatown kule Johannesburg, ambaye mwaka uliofuata alikuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi. Nyerere hakuwaomba Waingereza majeshi wala msaada wa fedha. Aliwaomba wasinunue bidhaa za Afrika Kusini, basi, ili fedha zao zisiendelee kuwanenepesha makaburu. Harakati za kususia zikazaliwa pale. Mwaka 1960, baada ya polisi wa Afrika Kusini kuwaua watu 69 huko Sharpeville, harakati hizo zikapewa jina jipya na nguvu mpya: Anti-Apartheid Movement.

Wapo waliopinga, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema: mkisusia machungwa, wa kwanza kuumia ni yule yule mchumaji mweusi. Mtemi Albert Luthuli, rais wa ANC, alilijibu hilo waziwazi. Alikiri kwamba Waafrika wataumia. Lakini, alisema, wameshazoea kuumia, na maumivu haya ya sasa yatafupisha siku za umwagaji damu. Aliyesema hivyo hakuwa mtu wa mbali anayewahurumia wengine. Ni mwenye jeraha mwenyewe. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Sasa twende Dublin, mji mkuu wa Ireland, miaka 25 baadaye.

Miaka ya 1980 kazi Ireland zilikuwa adimu. Vijana walikuwa wakipanda meli na ndege kwenda kutafuta maisha Uingereza na Marekani. Msichana aliyepata kibarua cha ukeshia dukani aliking'ang'ania. Kwenye mtaa wa Henry kulikuwa na tawi la maduka makubwa yanayoitwa Dunnes Stores, na wafanyakazi wake walikuwa wanachama wa chama kimoja cha wafanyakazi wa madukani. Mwaka 1984 mkutano wa chama hicho ulipitisha azimio: wanachama wasishike bidhaa za Afrika Kusini. Maazimio ya aina hiyo hupitishwa mengi duniani, yakapigiwa makofi, kisha yakalala kwenye makabati.

Tarehe 19 Julai 1984 mteja mmoja alifika kwenye kaunta ya Mary Manning, msichana wa miaka 21. Miongoni mwa vitu vyake yalikuwamo mabalungi mawili yenye nembo ya Outspan, matunda ya Afrika Kusini. Mary alimweleza mteja kwa adabu kwamba hayo hawezi kuyapokelea malipo. Wakubwa wake wakamwita pamoja na Karen Gearon, mwakilishi wa wafanyakazi dukani hapo. Akapewa nafasi ya kufikiri upya. Akakataa. Akasimamishwa kazi papo hapo, na wenzake wakatoka naye. Waligoma watu 11, karibu wote wasichana.

Niwaambie kinachonigusa zaidi katika hadithi hii. Wasimuliaji wengine hupenda kusema kwamba vijana wale walikuwa mashujaa waliokwisha kuijua Afrika Kusini yote. Mary mwenyewe amesema mara nyingi kwamba wakati ule yeye na wenzake hawakujua mengi kuhusu ubaguzi wa rangi. Walikuwa na maagizo ya chama chao, na walikuwa na hisia kwamba mtu hatakiwi kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume na dhamiri yake. Walidhani mgomo utaisha baada ya majuma machache.

Kisha akaja mzee Nimrod Sejake. Alikuwa mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi kutoka Afrika Kusini, mmoja wa walioshtakiwa katika ile kesi kubwa ya uhaini iliyoanza mwaka 1956 pamoja na Nelson Mandela, na sasa alikuwa mkimbizi Ireland. Alijiunga nao mlangoni mwa duka, akashika bango kama wao, akawasimulia. Pasi ni nini. Mtu mweusi anaishi wapi, anasoma nini, analipwa nini. Tunda lile limechumwa na nani. Barabara ya Dublin, pamoja na mvua yake, ikawa darasa. Vijana waliotoka dukani kwa sababu ya azimio la chama wakabaki nje kwa sababu walikuwa wameelewa. Naamini ndivyo dhamiri za wengi wetu zinavyokua. Hatuanzi na elimu kamili. Tunaanza na kusita kudogo mkononi, tukikubali kufundishwa, kusita huko kunapata mizizi.

Kusimama pale hakukuwa rahisi. Fedha ya mgomo waliyolipwa na chama ilikuwa pauni 21 kwa wiki, na wengine walikuwa na kodi za nyumba na familia za kusaidia. Wapo wapita njia waliowatukana, hata kuwatemea mate. Wapo waliowauliza kwa nini wahangaikie watu wa mbali wakati Ireland yenyewe ina shida. Na walikuwapo wateja walioinua macho, wakasoma bango, wakageuza wakaenda duka jingine. Hao hatuyajui majina yao.

Mteja na mfanyakazi hawabebi mzigo ulio sawa hapa, na ni vizuri mlione hilo mapema maana siku moja mtakuwa wote wawili. Mteja anayekataa kununua anaondoka na pesa yake mfukoni. Mfanyakazi anayekataa kuuza anaondoka bila mshahara. Ndiyo maana mgomo wa Mary usingefika mbali kama angekuwa peke yake. Alihitaji Karen wa kuketi naye mbele ya mabosi, chama cha kumlipa hizo pauni 21, na wenzake wa kupokezana naye bango siku za baridi.

Desemba 1984 Askofu Desmond Tutu, akiwa safarini kwenda Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, alikutana na Mary na Karen mjini London. Magazeti ambayo yalikuwa hayawajali yakaanza kuwaandika. Mwaka 1985 wagomaji walisafiri kwenda Afrika Kusini kwa mwaliko wa Tutu. Walipotua Johannesburg walizuiliwa uwanjani chini ya ulinzi wenye silaha, wakarudishwa walikotoka bila kukanyaga mji. Serikali ya makaburu, yenye jeshi na vifaru, iliwaogopa makeshia wa duka! Kule Ireland tukio hilo liliamsha watu kuliko hotuba yoyote. Serikali ikabanwa, ikapiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika Kusini, na marufuku hiyo ilipoanza kazi mwaka 1987 mgomo ukamalizika. Ulikuwa umechukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Mary alihamia Australia kwa muda. Mwaka 1990 Nelson Mandela, miezi michache baada ya kutoka gerezani, alikwenda Dublin, akakutana na wagomaji na kuwashukuru. Alisema kwamba walimpa moyo alipokuwa kifungoni.

Si kila jaribu la dhamiri kazini hutokea kwenye kaunta. Mwaka 1970, huko Cambridge, Massachusetts, Caroline Hunter alikuwa mkemia wa kampuni ya Polaroid, iliyotengeneza kamera zinazotoa picha hapo hapo. Siku moja, akiwa na mwenzake Ken Williams, mpiga picha wa kampuni, wakielekea kula chakula cha mchana, waliona kwenye ubao wa matangazo kitambulisho cha mfano. Picha ilikuwa ya mfanyakazi mwenzao. Maandishi yalitaja idara ya madini ya Afrika Kusini. Walipofuatilia waligundua kwamba teknolojia yao ilikuwa ikitumika kutengenezea pasi, za mfumo ule ule uliowapeleka watu mashamba ya Bethal. Fikiria wewe ndiye mchanganyaji wa kemikali: unapenda kazi yako, unaijua, unaifanya kwa ustadi, halafu unakuta ustadi wako uko mfukoni mwa mtu kama mnyororo. Walisambaza vipeperushi, wakawaita wanunuzi wasusie. Wote wawili walipoteza kazi. Kampuni iliahidi marekebisho, ikaendelea kuuza. Ilijiondoa Afrika Kusini mwaka 1977, gazeti la Boston Globe lilipofichua kwamba wakala wake alikuwa akiiuzia serikali ile kwa siri.

Nimewasimulia ushindi. Lakini nitakuwa nimewapunja nikiishia hapo, kwa sababu moyo mwema unaweza pia kuumiza.

Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka kampuni zieleze kama bati, koltani, volframu na dhahabu zinazozitumia zinatoka Kongo au nchi jirani na zinawafaidisha wenye silaha. Nia ilikuwa njema kabisa. Vikundi vya wapiganaji vilikuwa kweli vikitoza ushuru migodini na njiani, na wanunuzi wa simu huko Ulaya na Marekani hawakutaka damu kwenye mifuko yao. Lakini kampuni nyingi ziliona kuchunguza ni taabu, zikaamua tu kutonunua madini ya Kongo. Septemba mwaka huo serikali ya Rais Kabila wa Kongo nayo ikasimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo, watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, wakajikuta hawana pa kuuza. Ada za shule zikakosekana, dawa zikakosekana, na baadhi ya wenye silaha wakahamia kwenye mapato mengine.

Sasa rudini kwa Mtemi Luthuli. Kususia matunda ya Afrika Kusini kuliwaumiza wachumaji, kama kususia koltani kulivyowaumiza wachimbaji wa Kivu. Lakini viazi vya Bethal vilisusiwa kwanza na Waafrika wenyewe, na wao ndio waliotuma ujumbe nje wakiomba dunia iwaunge mkono. Mary Manning hakubuni dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Aliitikia wito, kisha akasimama mlangoni na mzee Sejake, mtu wa nchi ile, akamsikiliza mwezi baada ya mwezi. Mchimbaji wa Kivu naye alikuwa na mengi ya kusema: nani anamtoza ushuru barabarani, nani anampunja kwenye mizani, mgodi upi una askari na upi hauna, na angependa mnunuzi wa mbali afanye nini. Wengi wa wachimbaji hao hawakuulizwa kabla wanunuzi hawajageuza migongo.