Kunyima au Kuelemeza: Juu ya Jina la Shambulio Moja la Kompyuta

Katika Kiswahili, anyimaye ni mwenye kitu. Mchoyo humnyima jirani chumvi iliyomo jikoni mwake. Asiye na chumvi hamnyimi mtu. Jambo hili lafaa kukumbukwa na watungao istilahi, kwa kuwa shambulio moja la kompyuta limekwisha kuitwa, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, "shambulio la kunyima huduma". Ilhali katika shambulio hilo mwenye huduma hamnyimi mtu chochote.

Seva ni kompyuta iliyowekwa kupokea maombi ya kompyuta nyingine na kuyajibu. Seva ya midia hutunza nyimbo, sinema na matangazo, na kumpelekea kila aombaye. Kazi yake yaweza kufananishwa na ya karani wa mizani mjini Sumbawanga, wakati wakulima wa Ufipa waletapo mahindi kwenye ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ichukuliwe kwamba mizani ni moja na karani ni mmoja. Magari yakija mengi siku moja, foleni huwa ndefu, wala hapana mkosaji. Huo ni msongamano. Tovuti yaweza kupatwa na hali hiyo siku ya kutangazwa matokeo ya mitihani, watu wengi wanapoifungua kwa pamoja.

Lakini mtu mwenye nia mbaya aweza kutuma watu mia wasio na mahindi wapange foleni, na kila mmoja afikapo mizanini aseme kwamba gunia lake li njiani, angojewe. Karani hakukataa kazi, ameelemewa. Mkulima wa kweli hurudi Laela au Mpui hajapimiwa hata gunia moja. Ndivyo ilivyofanya programu iitwayo Slowloris, iliyotolewa mwaka 2009: ilifungua miunganisho mingi na kupeleka kila ombi kidogo kidogo pasipo kulimaliza, mpaka seva ikakosa nafasi ya kumpokea mwingine.

Jambo la tatu ni kasoro. Tuseme karani ameagizwa kutenga nafasi ghalani kwa idadi yoyote atakayotajiwa, kabla ya kuyaona magunia. Mtu mmoja akitaja magunia milioni moja, ghala zima limefungwa kwa neno moja. Kasoro ya namna hii haihitaji umati. Ombi moja la hila latosha kuisimamisha seva. Seva za midia zina hatari hiyo hasa, kwa kuwa faili za sauti na picha aghalabu hutaja mwanzoni ukubwa wa yaliyomo, na programu isiyohakiki maelezo hayo yaweza kutenga kumbukumbu kupita uwezo wa kompyuta.

Ya nne yastahili jina la mwangwi. Mshambuliaji hupeleka ombi dogo kwa seva ya mtu mwingine, akiandika anwani ya adui yake kuwa ndiyo ya mwombaji. Jibu, lililo kubwa kuliko ombi, humwangukia adui huyo. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba baadhi ya seva za Plex Media Server, zilizoachwa wazi kwenye intaneti, zilikuwa zikitumiwa hivyo, na jibu lake lilizidi ombi zaidi ya mara 4. Watengenezaji walitoa marekebisho.

Afrika ya Mashariki nayo imeonja madhara haya. Julai 2023 huduma za serikali ya Kenya zitolewazo kwa njia ya eCitizen zilikwama, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuwa ndilo lililoshambulia. Waziri aliyehusika wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba wahusika walijaribu kuusonga mfumo kwa maombi mengi kupita kawaida, na kwamba data haikupotea. Katika maelezo hayo, mfumo haukunyima, ulisongwa.

Tofauti hizi si za wanaisimu peke yao. Kompyuta huweza kunyima kwa haki: asiye na nywila hunyimwa ruhusa. Basi fundi wa Sumbawanga akisoma onyo kwamba seva "yanyima huduma", aweza kupoteza siku nzima akichunguza nywila na ruhusa, na huku mlango mwingine u wazi. Msongamano hutibiwa kwa kuongeza uwezo. Uelemezaji kwa kuchuja maombi na kuwekea muda kila muunganisho. Kasoro kwa kusahihisha programu. Mwangwi kwa kuiondoa seva isiyo ya umma mbele ya intaneti. Dawa ni nne, na jina moja la "kunyima" haliielekezi hata mojawapo.

Kitenzi *elemea* kimekuwamo katika lugha siku zote: mzigo humwelemea mchukuzi. Kutokana nacho *uelemezaji* hupatikana pasipo taabu, na *mwelemezaji* humtaja mkosaji mwenyewe, ambaye neno "kunyima" humficha nyuma ya seva aliyoidhulumu.