Utasa wa 4,294,967,297

Istilahi "namba tasa" imejengwa juu ya sitiari: ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kana kwamba haikujaaliwa uzao. Kwa maoni yangu sitiari hiyo imepinduliwa, maana kwa hakika tasa ndizo zinazozizaa namba nyingine kwa kuzidishwa.

Tuitazame 4,294,967,297. Ukizidisha 2 thelathini na mbili pamoja, kisha ukaongeza 1, utaipata. Katika karne ya 17, Mfaransa Fermat aliamini kuwa ni tasa, kwa sababu zilizoitangulia katika mfululizo wake, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Hakuthibitisha. Mnamo 1732 Euler alionyesha kuwa ina wazazi wawili: 641 na 6,700,417.

Je, 641 yaweza kupatikana pasi na kubahatisha? Naam. Kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Basi 3, 7 na 11 hazina haja ya kujaribiwa. Tasa zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: jaribio la tano tu, kwa kalamu na karatasi!

Hadi leo, hakuna namba ya mfululizo huo iliyo kubwa kuliko 65,537 ambayo imethibitishwa kuwa tasa.