Tunda la Mnavu na Jina Lake Mtaani Pipeline

Makala haya mafupi yanahusu tunda dogo la mnavu, mmea ambao jijini Nairobi hujulikana zaidi kwa jina la managu. Katika Pipeline, mtaa wa Embakasi uitwao kwa jina la bomba la mafuta litokalo Mombasa, ambalo lilianza kazi mwaka 1978, watu wa makabila mengi wanaishi katika maghorofa yaliyosongamana, na mboga hiyo huuzwa vibandani kwa mafungu. Wakikuyu huiita managu, Wagusii rinagu, Wajaluo osuga, na baadhi ya Waluhya lisutsa. Kibandani jina la Kikuyu ndilo lililoshinda, nalo limeingia katika ngeli ya ma- bila taabu: managu haya ni machungu. Sikio husikia ukaribu wa -nagu na -navu, ingawa kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba jina lililoshinda ni la majani. Tunda limesahauliwa. Mashambani mtoto hufundishwa tunda pamoja na hali yake: la kijani liache, likiiva likawa jeusi, au rangi ya chungwa kwa aina nyingine, lile. Mafunzo hayo hayakupanda ghorofani pamoja na fungu la mboga.

Wazee husema kwamba mboga chungu husafisha tumbo na kumrudishia mzazi damu. Hapa sayansi haiko mbali nao, kwani majani hayo yana madini ya chuma na chokaa, pamoja na vitamini A na C. Mambo hubadilika tukifika kwenye tunda. Katika sehemu kadhaa za Kenya tunda bichi huwekwa juu ya jino linalouma, na maji yake hukamuliwa kwenye ufizi wa mtoto anayeota meno. Desturi hiyo haina budi kukataliwa. Tunda bichi lina solanini, sumu ile ile ya kiazi kilichogeuka kijani, iletayo kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara. Nayo hupungua kadiri tunda linavyoiva. Mwili wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kuihimili.

Wala kanuni ya "likiiva lile" haitoshi bila jina. Ndulele ni jamaa ya mnavu, mwenye miiba, na huota ovyo penye viwanja vitupu. Tunda lake hugeuka manjano ya kupendeza, lakini haliliwi, liwe bichi au bivu.

Niliwahi kumwuliza muuzaji mmoja jina la vitunda alivyokuwa akivichambua kutoka katika mafungu yake. Akanijibu kwamba hizo ni mbegu tu. Vya kijani alikuwa akivitupa. Vyeusi alivitia katika kikopo, akavianike, avipeleke nyumbani kupanda.